Shangazi, wanataka kumfanyia mwanangu majaribio ya dawa. Nisaini?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wanne, nauza dagaa Kibirizi, hapa Kigoma. Mume wangu yuko Uvinza kwenye kazi ya chumvi, anakuja nyumbani mwisho wa mwezi. Nakuandikia kwa ajili ya binti yangu wa pili, ana miaka 15.

Mwaka jana alianza kulalamikia goti. Anacheza netiboli, tukajua ni kuanguka tu. Tukampeleka kwa mzee mmoja anayekanda, akakandwa wee, uvimbe ukazidi. Hospitali walipompiga picha wakatuandikia rufaa ya nje ya mkoa, na huko wakachukua kinyama. Majibu yakaja ni saratani ya mfupa. Akawekewa dripu za dawa tatu, moja nyekundu hadi mkojo ukawa mwekundu. Kisha wakamkata mguu juu ya goti, na dawa zikaendelea mpaka zikaisha. Nywele zikaota, akarudi shuleni na magongo yake, kidato cha pili. Tulisoma na dua ya shukrani.

Kliniki ya mwezi uliopita kipimo cha CT kimeonyesha vivimbe kwenye mapafu. Daktari ni kijana mpole, sina ubaya naye. Alinikalisha akanieleza kuwa dawa zile za mwanzo haziwezi kurudiwa zote. Akasema upo utafiti wa watoto na vijana wenye uvimbe uliorudi, ambao wanapewa dawa mbili kwa pamoja. Kila moja imeshatumika peke yake, lakini kwa watoto bado wanatafuta dozi inayofaa zikichanganywa. Akanipa makaratasi mengi ya Kiswahili, nikasome nyumbani, nikikubali nisaini.

Hapo ndipo vita vilipoanzia. Shemeji yangu mkubwa, ambaye mume wangu akiwa hayupo ndiye msemaji wa familia, amekuja juu. Anasema mtoto wa maskini hafanywi panya wa maabara, wamemkata mguu na sasa wanataka kumalizia. Ameleta mizizi na majani kutoka Kasulu, anataka aanze kunywa kesho. Mume wangu kwa simu anasema, "Mtakavyoona." Tutakavyoona nani?

Mtoto naye amesikia. Jana usiku aliniuliza, "Mama, ni kweli mimi ni wa majaribio?" Nikamwambia alale. Tangu atoke hospitali amekuwa mkaidi kidogo, namwita hageuki, redio anaifungulia mpaka jirani anagonga ukuta, nikimgombeza ananikodolea macho. Sasa ndiyo kabisa.

Shangazi, wewe ulikuwa nesi, niambie ukweli. Wakisema majaribio wana maana gani? Nikikataa watamfukuza kliniki? Nikikubali nitakuwa nimemuuza mwanangu?

Mama wa binti, Kibirizi

* * *

Marahaba mwanangu, na pole sana.

Nitaanza na jambo uliloliandika kwa kupita, la mtoto kutogeuka akiitwa na kufungulia redio. Usimgombeze tena. Matibabu ya kawaida ya saratani ya mfupa kwa umri wake ni dawa tatu: methotreksati, doksorubisini, ambayo ndiyo ile nyekundu, na sisplatini. Sisplatini ina tabia ya kuharibu masikio. Inaanza na sauti nyembamba, mlio wa simu, sauti za watoto, na mara nyingi hali hiyo hairudi nyuma. Huenda binti yako hakusikii. Mwambie daktari kabla hamjazungumza lolote jingine, aombe kipimo cha usikivu. Kwanza ni haki ya mtoto, shuleni akae mbele. Pili, utafiti wa dawa kama huu kwa kawaida hutaka kujua hali ya viungo vyake, kama figo, moyo na masikio, kabla ya kumpokea, na wasipouliza hayo usiendelee nao.

Na hapo utaona kwa nini daktari alisema dawa za mwanzo haziwezi kurudiwa zote. Doksorubisini ina kiwango ambacho mtu hapaswi kukipita maisha yake yote, kwa sababu ya moyo. Sisplatini ina masikio na figo. Daktari hakunyimi kitu kilichopo kabatini.

Sasa hili la majaribio. Shemeji yako anaona majaribio ndiyo kwanza yanaanza kwa binti yenu. Ukweli ni kwamba zile dripu tatu alizopewa mwaka jana zilifika kwake kupitia watoto wa watu wengine waliokubali kujaribiwa. Zamani mtoto mwenye uvimbe kama wake alikatwa mguu tu, basi. Wengi walirudi hospitali na mapafu yameshavamiwa, maana mbegu za ugonjwa zilikuwa zimetoka kwenye mfupa kabla msumeno haujagusa mguu. Madaktari wakabishana, wengine wakisema kemo, yaani hizo dawa za saratani, inasaidia, wengine wakisema ni kuwatesa watoto bure. Huko Marekani wakafanya utafiti wa wagonjwa 36 ambao uvimbe ulishatolewa. Kwa kura, baadhi wakapewa mchanganyiko wa dawa na wengine wakaangaliwa tu. Majibu yalitoka mwaka 1986: baada ya miaka 2, waliokuwa hawajarudiwa na ugonjwa miongoni mwa walioangaliwa tu walikuwa asilimia 17, na miongoni mwa waliopewa dawa walikuwa asilimia 66. Ubishi ukaisha.

Ila mimi sikuletei hadithi ya upande mmoja. Kati ya mwaka 2005 na 2011 nchi 17 ziliungana kwenye utafiti uitwao EURAMOS, wakaandikisha wagonjwa 2,260 wa saratani hiyohiyo. Wale ambao uvimbe wao ulipokatwa ulikutwa haujafa vizuri kwa dawa tatu, baadhi yao wakaongezewa nyingine mbili, ifosfamidi na etoposidi. Akilini ilikuwa lazima isaidie, dawa tano si zaidi ya tatu? Majibu ya mwaka 2016 yakaonyesha haikusaidia, na madhara yaliongezeka. Kwa hiyo hata zile ambazo binti yako hakuwekewa, kuna watoto waliozibeba ili yeye asizibebe. Nakuambia hili ili ujue kwamba utafiti unaweza kusema "hapana" na bado ukawa na faida, lakini faida hiyo inaweza isiwe ya mtoto aliyeko kitandani. Anayekuahidi kinyume chake, ogopa.

Kuhusu kuchanganya dawa, hilo lisikutishe. Malaria tunaitibu kwa mseto tangu dawa za peke yake ziliposhindwa moja baada ya nyingine, kifua kikuu hakitibiwi kwa dawa moja, na wanaotumia ARV wanameza kadhaa ndani ya kidonge kimoja. Chembe za saratani zinajifunza kuikwepa dawa, na inayoikwepa hii inaweza kukamatwa na ile. Ugumu wa kansa ni kwamba dawa zake zina sumu. Ukichanganya mbili ambazo zote zinashusha chembe nyeupe za damu, zile zinazoulinda mwili na maradhi, kila moja kwa dozi yake kamili, unaweza kumwangusha mtoto kabla ya uvimbe. Ndiyo maana dozi ya mchanganyiko inatafutwa upya, na kwa watoto inatafutwa peke yake, kwa sababu mwili wa mtoto hauchakati dawa sawa na wa mtu mzima aliyepunguzwa kilo.

Sasa soma tena maneno ya daktari uliyoyaandika: "bado wanatafuta dozi inayofaa." Kwa maneno hayo, mimi nadhani huu ni utafiti wa hatua ya kwanza, au unaoanzia hapo. Hatua ya kwanza inachukua watoto wachache, kwa vikundi vidogo vya watatu mpaka sita hivi. Kikundi cha kwanza kinaanza na dozi ya chini. Wakivumilia, kikundi kinachofuata kinapanda ngazi. Wakizidiwa, wanashuka au wanasimama. Swali lao kubwa pale ni dozi gani mtoto anaivumilia. Hatua ya pili ndiyo inayouliza kama uvimbe unapungua. Ya tatu inalinganisha, kwa kura, tiba mpya na ile bora iliyopo, na hiyo inahitaji watoto mamia. Tofauti ni kubwa mno kwa mama anayeshika kalamu. Kwenye hatua ya kwanza wapo watoto ambao uvimbe unanywea, lakini ni wachache, na hakuna daktari mkweli atakayekuambia "tunampeleka akapone." Muulize daktari waziwazi: ni hatua ya ngapi, binti yangu atakuwa kikundi cha dozi ya ngapi, na waliomtangulia wamepatwa na nini?

Kabla hata ya hayo, kuna swali ambalo ningeliweka juu ya yote, na kwenye barua yako silioni. Vivimbe vya mapafu ni vingapi, viko wapi, na vinaweza kutolewa kwa upasuaji? Saratani ya mfupa ikirudi kwenye mapafu, kuvitoa vyote kwa kisu, pale inapowezekana, ndiko kunakompa mtoto nafasi nzuri zaidi ya kuishi muda mrefu. Si kila hospitali ina daktari wa upasuaji wa kifua, na ukiambiwa "hapa hatuna," uliza wapi wanaye, uombe picha za CT zikaangaliwe huko. Likishajibiwa hilo ndipo mrudi kwenye utafiti.

Makaratasi sasa. Usisaini siku moja na kuulizwa, wala usisaini peke yako barazani huku dagaa wanaungua juani. Hapa kwetu utafiti wa dawa kwa binadamu unatakiwa uwe na kibali cha maadili, ambacho kitaifa kinatolewa kupitia NIMR, taasisi yetu ya utafiti wa magonjwa, na majaribio ya dawa yanahitaji pia kibali cha TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Omba uonyeshwe. Si utovu wa adabu, na mtafiti mwenye nyaraka zake atafurahi kuulizwa. Tafuta ukurasa unaosema unaweza kujitoa wakati wowote bila kutoa sababu, na mtoto akaendelea kutibiwa kama kawaida. Hilo ndilo jibu la swali lako la kufukuzwa kliniki: hapana, hairuhusiwi, na ukiona dalili hiyo kamati ya maadili ina namba kwenye hayo makaratasi, piga. Soma pia nani analipia mtoto akidhurika na dawa, maana pana tofauti kati ya kulipiwa dawa ya utafiti na kulipiwa siku za kulazwa. Nauli na malazi nayo. Utafiti wa namna hii unataka vipimo vya damu mara kwa mara, huwezi kuwa unakuja na kurudi Kigoma kwa basi kila wiki na mtoto mwenye mguu mmoja na damu iliyopungua. Wakurudishie nauli, wakupe pa kulala. Hiyo siyo bei ya mtoto, kwa hiyo neno la kumuuza litoe kichwani. Vinginevyo nenda ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali ukaeleze hali yako. Na mkipelekwa Muhimbili, iko asasi ya Tumaini la Maisha inayosaidia watoto wenye saratani na wazazi wao.

Nimefika kwa mwenye mwili. Tumezoea kusema mgonjwa haulizwi uji. Huyu anaulizwa. Ana miaka 15, kisheria wewe na baba yake ndio mnaosaini, lakini utafiti unaofuata maadili unataka na ridhaa ya mtoto mwenyewe, na akisema hataki, daktari mwenye heshima anasimama hapo. Amekuuliza swali la mtu mzima usiku, ukamwambia alale. Mrudie leo. Kaa upande anaokusikia vizuri, mtazamane usoni, umwambie ugonjwa umerudi kwenye mapafu. Pengine ameshajua. Wodini watoto wanaambiana kuliko tunavyowaambia sisi. Mwambie kuna njia zaidi ya moja, bado hujachagua, na hutachagua bila yeye.

Mwandae pia kwa jambo dogo linalozua ugomvi mkubwa majumbani. Kwenye utafiti wa dawa, msichana aliyevunja ungo hupimwa ujauzito, wote, awe mtawa. Dawa hizi zinaweza kumwangamiza mtoto tumboni, basi wanapima. Nimeona mama akimzaba binti kofi kwenye korido kwa sababu tu nesi alimpa kikopo cha mkojo na kumtajia sababu. Wewe umeshajua, na baba mkubwa wake naye ajue mapema. Uliza wakati huohuo kama mchanganyiko huo unagusa uwezo wake wa kuzaa baadaye. Yeye mwenyewe huenda analiwaza na anaona aibu kukuuliza.

Mizizi ya Kasulu sasa. Mimi simdharau mtu wa miti. Vinkristini, dawa inayotibu saratani ya figo ya watoto na nyingine nyingi, asili yake ni yale maua ya rangi ya waridi tunayopanda mbele ya nyumba, yanayoitwa vinka. Lakini dozi yake kwa mara moja mara nyingi haizidi miligramu 2, inapimwa kwa ukubwa wa mwili, na ikikosewa inapoozesha mishipa ya fahamu. Hakuna anayeweza kuipima hiyo kwa konzi ya majani. Mizizi ambayo hamjui kilichomo itapita kwenye ini na figo zilezile ambazo tayari zimebeba mzigo, na akiingia kwenye utafiti hakuna atakayejua kilichomdhuru ni nini. Kama ameshaonja, mwambie daktari bila kuficha. Hatakuchapa.

Akiwa kwenye kemo ya aina yoyote, ya utafiti au ya kawaida, joto likifika 38 ni dharura, usiku au mchana. Hapa kwetu homa ikipanda tunakimbilia dukani kununua dawa ya malaria na kusubiri asubuhi. Kwa mtoto ambaye chembe nyeupe zimeshuka, asubuhi inaweza kuwa mbali sana. Kipimajoto kiwe ndani ya nyumba, na namba ya wodi iwe kwenye simu yako.

Umeniomba ukweli. Angekuwa wangu, ningeanza na daktari wa kifua. Ikionekana vivimbe havitoleki, na binti mwenyewe akasema anataka kujaribu, ningekubali, nikijua nimeingia kwenye kutafuta dozi, na nikiwa nimeshaamua moyoni siku gani nitasema imetosha. Akisema amechoka na sindano, anataka shule na wenzake, nisingemburuza, wala nisingemruhusu mtu yeyote wa ukoo kumwita mwoga. Kukataa utafiti kusikufanye ukimbie hospitali. Yapo maumivu na kubanwa pumzi ambavyo vinatibika. Omba waziwazi huduma ya tiba shufaa, yaani ya kumpunguzia mgonjwa mateso, uulize habari ya mofini ya kunywa, dawa ya maumivu makali, na usikubali kuambiwa ni mapema mno. Huduma hiyo inaweza kwenda pamoja na utafiti pia, kama utaamua hivyo.

Baba yake asiseme tena "mtakavyoona." Mpigie, mwambie tarehe ya kliniki, aombe ruhusa kazini. Na shemeji yako mchukueni. Aingie chumba cha daktari, akae kiti cha mbele, hayo maswali ya panya wa maabara amuulize daktari mwenyewe mbele ya mtoto. Nauli yake ajilipie.

Shangazi